Uji wa Kitanda cha Nne

Kifuniko cha birika kiligongagonga kabla hakujapambazuka. Bibi akanywa chai yake, akawahi basi. Kwenye kiti cha mbele yake, muuguzi alikuwa akimweleza fundi cherehani aliyekutana naye humo humo: "Miaka sita nimelea wanangu, dada. Sasa nimepata kibarua cha mwezi mmoja wodini. Wakiridhika nami, wananirudisha kazini. Lakini jana nimeharibu! Nimempulizia uji mgonjwa wa kitanda cha nne, baba mzima na ndevu zake."

"Mazoea yana taabu!" fundi alicheka. Bibi akaficha tabasamu kwenye mtandio. Hiyo nayo ni dhambi?

"Msimamizi aliniona, akaandika."

"Na mwenye ndevu?"

Basi lilisimama mbele ya hospitali. Muuguzi akainuka. "Alimaliza bakuli lote, akaniambia, 'Mama, kesho upite tena kwangu.'"