Mzee Oloo na Mboga ya Kinamasini

Wapendwa waombolezaji, majirani wa Kibera na Kawangware, ndugu mliotoka Nyakach, familia imeniomba niwasomee maisha ya Mzee Jeremy Oloo Obonyo, nami nitayasoma yalivyokuwa, pamoja na lile lililomwinamisha kichwa, kwani mwenyewe aliomba lisirukwe.

Alizaliwa Nyakach tarehe 3 Machi 1948, akasoma hadi darasa la saba karo ikakosekana, akaja Nairobi mwaka 1969, akajifunza kupiga picha, kisha akafungua kibanda chake kando ya Soko la Toi. Tarehe 12 Desemba 1975 alimwoa Filister, na Mungu akawajalia Trizah na Valentine.

Waliishi Kibera, na kila masika, maji yalipotuama bondeni chini ya mtaa wa Olympic na majani ya porini yakachipuka, Mzee alivua viatu, akakunja suruali, akaingia kinamasini na kamera, akapiga picha kila jani, akawauliza akina mama majina yake, halafu akazisafisha picha mwenyewe, nyeusi na nyeupe kwa kuwa filamu ya rangi ilikuwa ghali, akazitundika kibandani. Watu walimtania kwamba harusi zinampita akipiga picha magugu, naye akacheka nao.

Mei 1995, Mideva, Mama Kevin, jirani yake wa ukuta mmoja, alimwomba picha ya mboga fulani aende nayo kuchuma, naye akampa kwa majivuno, jamani, bila kukumbuka kwamba mboga ile ina ndugu yake mwenye sumu, anayetofautiana nayo kwa mishipa yake ya zambarau tu, na katika picha ile zambarau na kijani vyote ni kijivu. Jioni Kevin alikula, akatapika, akaweweseka, akalazwa, na ni Mungu tu aliyemrudisha.

Mideva hakumlaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililomuumiza Mzee. Aibu ilimla. Aliteremsha picha zote, akawahamishia watu wake Kawangware, na siku moja alipomwona Mideva pale Toi alijificha nyuma ya makoti ya mitumba, hadi mwenye mali akamuuliza kama ananunua ama vipi. Filister alimsihi mara nyingi aende akaombe msamaha, naye kila mara alijibu kwamba ataenda na uso gani.

Julai 1998 alianza kuugua ini, akalazwa, akarudishwa nyumbani, na Filister, bila kumwambia, akapeleka habari Kibera. Tarehe 2 Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeanza, Mideva aliingia na sufuria ya mboga, Mzee akageukia ukuta, lakini mama huyu aliketi kando ya kitanda akamwambia, "Baba Trizah, geuka. Mishipa nimeiangalia mwenyewe, ni ya kijani. Kula."

Aligeuka, akaomba msamaha, akala, huku akilia mbele ya watoto wake. Alifariki tarehe 9 Novemba 1998.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, wapiga picha wenzake wa Toi waliochanga nauli ya kumfikisha Nyakach, na Mama Kevin, aliyeketi hapa mbele karibu na Filister. Kijana atakayeshika jeneza upande wa kichwa ni Kevin.

Pumzika kwa amani, Baba Trizah, uso wako ukitazama juu.