Sampuli ya Kumi na Saba: Risala ya Wanafunzi wa Maabara Siku ya Kuzindua Mashine Mpya

Mgeni rasmi, Mkuu wa chuo, walimu wetu, wahudumu wa maabara ya hospitali, na ninyi nyote mliokalia viti vya kuazima, tunawasalimu kwa heshima.

Kabla hatujaenda mbali, tunaomba radhi kwa jambo moja. Tumewaomba wapiga picha wakanywe chai kwanza na mlango ufungwe. Tutakayosema ni ya wenye koti jeupe, na wewe, mgeni rasmi, uliwahi kulivaa.

UKARIBISHO

Karibu nyumbani. Hatusemi hivyo kwa mazoea. Ulikaa kwenye madawati haya haya, katika darasa la kwanza kabisa la mwalimu wetu wa uhakiki, ambaye sisi tunamwita Mama Rudia. Ukimpelekea jibu hasemi ni sawa wala si sawa. Anasema, "Rudia." Ukirudia likatoka lile lile, anasema, "Haya, sasa tunaweza kuzungumza." Ulipohitimu uliongoza maabara ya hospitali iliyo ng'ambo ya uwanja huu, na leo wewe ni mkubwa wa maabara zote za eneo letu. Tuliposikia unakuja kukata utepe wa mashine mpya ya kupima figo, tulishangilia mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kutunyamazisha.

HISTORIA FUPI YA SOMO LETU

Kwa wasio wa fani yetu, uhakiki ni jambo rahisi kueleza. Mashine ikija haiaminiwi kwa sababu inang'aa. Unachukua sampuli arobaini za damu, unazipima kwa mashine hiyo, unazipima tena kwa nyingine ambayo imeshathibitika, unaweka majibu ubavu kwa ubavu. Yakikubaliana, unaandika kwenye faili na kutia saini. Hapo ndipo mgonjwa wa kwanza anaitwa.

Mama Rudia anafundishia kitini chenye mfano wa majibu arobaini, alichokichapa mwenyewe mwaka wa darasa lenu. Kwenye sampuli ya kumi na saba mkono wake uliteleza. Safu zote mbili zilitakiwa kusoma 138, lakini ya pili aliichapa 183. Aligundua kosa hilo ninyi mkiwa mmeshaondoka. Hakulisahihisha. Aliliacha makusudi liwe mtego, kwa sababu mwanafunzi anayeleta 138 na 183 kwenye kumi na saba hajapima kitu, amenakili kitini.

MAFANIKIO

Fanikio letu la kwanza mwaka huu ni kukamatwa.

Katika darasa la watu ishirini na sita, kumi na tisa tulileta 138 na 183. Tulirushiana majibu kwa simu tukiwa tumelala chali mabwenini, tukiona zoezi ni la kujaza karatasi tu. Mama Rudia alifungua madaftari moja baada ya jingine. "Mia na themanini na tatu. Mia na themanini na tatu. Jamani, nyote mmemtoboa mgonjwa mmoja? Bado ana damu huyo?" Hakuna aliyecheka. Tulikosa pa kuficha nyuso.

Hakututukana. Alisema tuvuke uwanja, tukaombe faili la uhakiki la mashine ya figo inayotumika hospitalini, tuone watu wazima wanavyofanya kazi, kisha turudie uhakiki huo wenyewe kwa sampuli arobaini za kweli.

Faili lilikuwa juu ya jokofu, la bluu, lina vumbi. Alilifungua mwenzetu tunayemwita Polepole, ambaye hata jina lake analiandika mara mbili kuhakikisha. Alifika ukurasa wa pili akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Nini?"

"Njooni."

"Si useme tu!"

"Kumi na saba," alisema. "Tazameni kumi na saba."

Safu ya kwanza 138. Ya pili 183.

Mgeni rasmi, tulipigwa na butwaa. Mmoja wetu aliketi sakafuni na koti lake safi. Tulikagua juu hadi chini, na zote arobaini zilikuwa za kitini, kwa mpangilio ule ule. Mashine ile ilikuwa imetoa majibu kwa miezi kumi na minne, na haikuwahi kuhakikiwa hata siku moja. Chini ya ukurasa kulikuwa na saini. Saini hiyo unaifahamu kuliko sisi.

Tulimpelekea Mama Rudia. Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. "Huyu ni wangu," alisema. "Nilimpa alama nzuri kabisa." Kisha akasema, "Sikumwambia arudie."

CHANGAMOTO

Rasimu ya risala hii iliyopitishwa ofisini inasema hapa kwamba tuna uhaba wa viti na glovu. Ni kweli, viti mnaviona. Lakini hatukuweza kusimama mbele yako tukalilia viti.

Tulirudia uhakiki. Kila sampuli tuliigawa mara mbili, nusu ikapimwa kwa mashine ya hospitali, nusu ikapelekwa maabara kuu, ambayo mashine yake imeshathibitika. Tulipofika kumi na saba hakuna aliyetaka kuigusa namba ile. Tukawa tunasukumiana. Shangazi wa Chai, anayetupikia chai sote, chuo na hospitali, alikuwa anakusanya vikombe. Akakunja mkono wa gauni. "Nipeni mimi hiyo namba yenu ya mkosi. Mimi nimeshapimwa hapo mara tatu, figo zangu ni za msichana." Tulicheka naye. Miguu yake imevimba tangu mwaka jana, na kila mara aliambiwa ni ya kusimama sana, kwa kuwa mashine ilisema figo ni nzima.

Majibu yalirudi Jumanne. Kwa wenye afya, mashine mbili zilikubaliana. Kwenye kipimo hiki namba kubwa ni dalili ya figo mbovu, lakini kwa wagonjwa, figo zilivyozidi kuwa mbaya ndivyo mashine yetu ilivyozidi kushusha jibu. Kumi na saba, hospitali, 91. Kumi na saba, maabara kuu, 214.

Tulidhani tumekosea. Tulitamani tuwe tumekosea. Tulimtoa damu nyingine, tukarudia, ikatoka ile ile. Polepole ndiye aliyekwenda kumwambia jikoni. Shangazi aliweka birika chini na kuuliza kitu kimoja: "Mara zote tatu?" Amelazwa tangu Jumatano.

Tulifikiri mshtuko umeisha. Jana mchana tuliingia chumba cha mashine mpya kupanga viti kwa ajili yako. Bado imefungwa nailoni. Waya wake wa umeme umekunjwa vile vile ulivyotoka kiwandani. Pembeni, juu ya kitambaa kipya cha meza, kuna faili lake la uhakiki, limekamilika, sampuli arobaini. Hatukutaka kutazama kumi na saba. Tulitazama: 138, na 183. Hatujui aliyelichapa ni nani. Tunajua nafasi ya saini iko wazi, na kalamu imewekwa hapo kwa ajili yako, uitie baada ya utepe.

MAOMBI

Mgeni rasmi, kumi na tisa kati yetu tulinakili namba hizo hizo. Hatuna kidole cha kukunyooshea. Hatujui siku ile ulikuwa umebanwa na nini, nani alikuwa amesimama mlangoni akilitaka faili. Tofauti yetu nawe ni kwamba sisi tulikamatwa mapema, kabla damu ya mtu haijapita.

Tunaomba usitie saini leo. Utepe ungoje.

Tunaomba mashine ya zamani izimwe kabla hatujatoka ukumbini, na watu wote waliopimwa nayo waitwe. Tumewahesabu kwenye rejesta, ni mia sita na kumi na mmoja. Wengi wamekwenda nyumbani wakifurahi. Tuko tayari kuwapigia simu mmoja mmoja, lakini hawatatuamini sisi wanafunzi. Wakisikia ni wewe unayewaita, watakuja. Hili ndilo tunalokuomba kwa moyo wote, na hata kama mengine yote utayakataa, hili usilikatae.

Tulimuuliza Shangazi kama tumtaje hapa. Alisema, "Nitajeni. Na mwambieni simwekei kinyongo. Ila hao wengine asiwaache."

HITIMISHO

Hatukukuandalia zawadi ya kufunga kwenye karatasi. Kwenye msumari nyuma ya mlango wa maabara yetu kuna koti jeupe. Mama Rudia alilitunza, lina wino wa jina lako ndani ya kola. Tumelifua na kulipiga pasi.

Tumeshapanga sampuli arobaini mpya, na tutaanza mara tukitoka hapa. Thelathini na tisa tumegawana. Mrija wa kumi na saba hatukumpa mtu. Ni damu ya Shangazi, ameitoa asubuhi ya leo akiwa kitandani, kwa hiari yake, na akauliza kama tuna uhakika utakuja. Tulimwambia ndiyo. Tumekuachia wewe uupime.

Mungu akupe afya, aulinde mkono wako, na awafikishe hapa salama wote mia sita na kumi na mmoja.

Ni sisi wanafunzi wako wadogo,
Darasa la Mwaka wa Tatu, Sayansi ya Maabara,
watu ishirini na sita, tumehesabiana mara mbili.