Nusu ya Pili ya Maneno ya Mzee Kajetani Luambano

(7 Agosti 1937 – 14 Juni 2001)

Familia inawashukuru wote mliofika hapa Mshangano leo Jumamosi, tarehe 16 Juni 2001, pamoja na baridi hii. Maisha ya marehemu yatasomwa na Oswald, mtoto wake wa kwanza. Marehemu aliomba yasomwe yote, yasikatwe. Walio nyuma wasiposikia waseme, Oswald atarudia.

Kajetani Luambano alizaliwa tarehe 7 Agosti 1937 katika kijiji cha Namalungo, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Songea mjini. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Simeoni Luambano na Mama Agata Nyoni. Siku aliyozaliwa ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Kajetani, kwa hiyo padri hakuhangaika kutafuta jina.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1947 hadi 1950, akaishia darasa la nne kwa sababu baba yake aliugua, na ng'ombe hawakuwa na mtu wa kuwachunga. Mwaka 1956 misheni ilimchukua kwa mafunzo ya ukatekista. Alimaliza mwaka 1958, akarudishwa Namalungo kufundisha dini na kusoma matangazo kila Jumapili.

Kusoma matangazo ndiko kulikomfundisha kusema mbele za watu. Siku zile padri akishatoa baraka watu walikuwa hawangoji. Wanaume walitangulia kwenye pombe, akina mama wakafuata watoto, na katekista akabaki anavisomea viti. Jumapili moja Kajetani alisimama na karatasi yake, akasema, "Kuna mbuzi amekufa."

Waliokuwa mlangoni wakasimama. "Mbuzi wa nani?" mmoja akauliza.

Kajetani hakujibu. Akasoma ndoa tatu, akasoma zamu za usafi, akasoma siku ya ubatizo. Watu walikuwa wamekaa tena, kila mtu anawaza zizi lake. Mwishoni akakunja karatasi, akasema, "Mbuzi ni wangu. Nimemchinja mwenyewe, ni wa mafundi wa paa la kanisa. Anayetaka supu aje kesho na shoka lake."

Watu walicheka, na kesho yake walikuja na mashoka. Kuanzia hapo huo ukawa mtindo wake. Alianza na neno baya, akanyamaza mpaka watu wamalize kunung'unika, ndipo akatoa lililobaki. Waliomzoea walijua kwamba Kajetani akinyamaza bado hajamaliza.

Tarehe 30 Septemba 1961 alifunga ndoa na Verediana Mapunda. Hata posa aliipeleka kwa mtindo uleule. Aliwaambia wakwe, "Mimi sina shamba la kahawa," akanyamaza. Baba mkwe akasema basi kijana, kwaheri. Verediana alikuwa jikoni anasikia. Alitoka na maji ya kunywa, akasema, "Baba, mwache amalize." Kajetani akamaliza. Alikuwa na ng'ombe wanne na nyumba mpya ya matofali. Walijaliwa watoto watano, na mmoja, Leo, alifariki mwaka 1969 akiwa na miezi saba.

Aliacha ukatekista mwaka 1974, akawa karani wa mizani ya mazao hapo kijijini. Mwaka 1985 wakulima walimchagua kuwa mwenyekiti wa chama cha ushirika cha Namalungo, na wakamrudisha kila ulipofika uchaguzi. Mikutano yake haikuwa mirefu. Watu walikuja hata wasio na mahindi, kusikiliza tu.

Mwaka 1994 soko lilikuwa limefunguliwa na kila mtu anaruhusiwa kununua mahindi. Mfanyabiashara mmoja kutoka Majengo alileta lori Namalungo, akataja bei. Wakulima waliiona ndogo. Tarehe 17 Septemba walikutana uwanja wa shule, wakainua mikono kwamba wasiuze, wawasubiri wanunuzi wao wa zamani waliokuwa wanakuja kila mwaka. Mwenyekiti akalirudisha lori. Wanunuzi wa zamani hawakuja. Mwezi wa kumi na mbili mvua ilianza, na mwezi wa kwanza upepo uling'oa mabati ya ghala la ushirika. Mahindi yakaanza kuoza.

Siku ya Alhamisi, tarehe 2 Machi 1995, kijana mmoja wa redio aitwaye Iddi alifika na kinasa sauti begani. Alimkuta marehemu uani na Mama Verediana, ambaye alikuwa amemshika kuku wa kuchinjwa kwa ajili ya mgeni huyohuyo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

"Nina dakika moja tu ya kukurekodi, mzee, ya kipindi cha Jumapili. Dakika moja."

"Dakika moja ni salamu," marehemu akasema.

"Salamu uziache. Sema habari ya ghala."

Marehemu alivaa koti. Mama Verediana alimwuliza koti la nini, redio haioni. Akasema watu wataona. Akasimama mbele ya ile mashine kama anavyosimama mbele ya mkutano, akasema, "Mahindi yenu yameoza. Lori lilikuja, ni mimi mwenyekiti niliyelirudisha. Funguo za ghala ninazo mimi. Mkitaka mwizi, msiende mbali."

Akanyamaza. Alinyamaza kama kawaida yake, akiwasubiri watu wanung'unike. Hapakuwa na watu. Kuku alilia. Iddi aliangalia mashine yake. Halafu marehemu akasema yaliyobaki, Mama Verediana akiwa hatua mbili kutoka kwake.

Jumapili, tarehe 5 Machi, saa saba mchana, Namalungo nzima ilikuwa mbele ya duka la Mama Sharifa, ambaye redio yake ilikuwa kubwa kuliko zote. Mwenyekiti alikaa kwenye benchi la mbele. Sauti yake ilitoka vizuri, kila mtu aliitambua. Mahindi yenu yameoza. Ni mimi niliyelirudisha lori. Mkitaka mwizi, msiende mbali. Baada ya hapo ikaja habari ya bei ya mbolea.

Mama Verediana anasema watu hawakupiga kelele. Walimwangalia tu mume wake, na yeye aliendelea kuiangalia redio, anangoja.

"Bado," alisema. "Nilinyamaza tu. Bado."

Redio ikaingia kwenye muziki. Mama Sharifa akaizima.

Jumatatu asubuhi watu walikuja nyumbani. Mzee Pankrasi Gama, mjumbe wa kamati, ndiye aliyepokea funguo kwa niaba ya wote. Marehemu alijaribu kuwaeleza kwamba hayajaoza yote, lakini kila akifungua mdomo mtu mmoja nyuma alimrudishia maneno yake ya redioni, akiiga sauti yake, na wengine wakacheka. Mama Verediana naye alisema, "Jamani, yapo makavu." Mwanamke mwenzake wa jumuiya akamwambia, "Wewe ni mke wake, ulitaka useme nini?" Mama Verediana aliingia ndani. Ghala likafungwa kwa kufuli jipya mpaka wakaguzi waje.

Wakaguzi walikuja tarehe 20 Aprili. Waliandika kwamba hakuna kilichoibiwa. Karatasi hiyo haikusomwa redioni. Siku hiyo lilipofunguliwa ghala hapakuwa tena na gunia kavu hata moja, na mwaka ule Namalungo ilikula mihogo mpaka mavuno.

Mwezi wa tano Iddi alirudi. Hakutumwa na mtu. Aliamkia, akakaa. Kisha akasema, "Mzee, mimi nilipeleka yote. Kule wakachukua mwanzo. Wanasema mwanzo ndio unaokamata watu."

"Ni kweli," marehemu akasema. "Hata mimi nilikuwa nawakamata kwa mwanzo."

"Nimeitafuta kaseti ili nikuletee. Wamerekodia kwaya juu yake."

"Kwaya gani?"

Iddi akaitaja.

"Wanaimba vizuri," marehemu akasema, na Mama Verediana akaleta chakula.

Mwaka uleule ulikuwa wa uchaguzi wa vyama vingi. Wagombea wawili, wa vyama tofauti, walimfuata awasemee mikutanoni. Aliwakatalia wote wawili. Lakini hotuba zao redioni alizisikiliza zote, na alikuwa na la kusema kuhusu kila mmoja. Wa kwanza, marehemu alisema, ameanza na jibu wakati watu hawajauliza. Wa pili, alisema, anagombana na aliyekuwa mkutanoni, kumbe anayemsikia yuko shambani na hajui ugomvi ulianza lini. Kulikuwa na mama mmoja, mgombea udiwani, aliyesema jambo lake lote kwa pumzi moja, kosa na sababu na dawa, bila kutua. Marehemu aliweka kikombe chini. "Huyo hawamkati," alisema. "Hana pa kukatwa. Mimi niliongea na redio kama naongea na kanisa, nikadhani mlango umefungwa na hakuna atakayetoka kabla sijamaliza."

Mwaka 1996 hakugombea tena uenyekiti. Mwaka 1997 alihamia hapa Mshangano, akalima mahindi na maharage na kufyatua matofali. Kanisani alikaa kiti cha mwisho. Kwenye misiba alipoombwa aseme neno alijibu, "Nipo," akaendelea kupasua kuni. Waliomjua huku tu wanadhani alikuwa mtu asiyependa kusema.

Alianza kuumwa tumbo mwezi Novemba 2000. Alitibiwa mjini, kisha hospitali ya Peramiho, ambako alilazwa mara tatu. Mwezi wa nne aliomba arudishwe nyumbani. Jumapili moja baada ya uji alimwuliza mkewe, "Mama Oswald, unayakumbuka yale mengine?" Mama Verediana alimwambia anayakumbuka. "Yaseme." Akayasema. Marehemu alirekebisha neno moja, la idadi ya mabati. Akasema, "Siku yangu wayasome. Watu wa Namalungo watakuwepo, na siku hiyo hawataondoka kabla ya mwisho."

Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Juni 2001, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Mama Verediana alikuwa anamnywesha maji. Tangu siku hiyo watu wengi wamemwuliza kama amekula. Amekula. Wamemwuliza kama amelala, naye anasema amelala. Mzee Pankrasi alifika jana mchana na jembe lake, akachimba kaburi na vijana mpaka likaisha. Alikwenda kumwamkia mfiwa, akasimama mlangoni. Mama Verediana akamwambia, "Keti, shemeji. Kesho utasikia." Akaketi.

Maneno yanayofuata ni ya marehemu, kama alivyoyasema uani kwake Namalungo tarehe 2 Machi 1995, baada ya kunyamaza. Yameandikwa na mjukuu wake Noela kutoka kinywani mwa bibi yake.

"Mmeshanung'unika? Basi sikilizeni. Lori nililirudisha kwa sababu tuliinua mikono tukasema tusubiri. Mikono ilikuwa mingi, na wangu ulikuwamo. Tulidhani wanunuzi watakuja kama kila mwaka. Soko limebadilika sisi tumelala, na mimi mwenyekiti nililala kuwashinda. Sasa upepo umeng'oa mabati kumi na manne. Lakini magunia ya upande wa mlango ni makavu, nimeyashika kwa mkono wangu. Ni mia na ishirini. Jumatatu asubuhi nafungua. Waanze wajane na wenye watoto wachanga. Wengine tuje na nyasi, tuezeke kabla mvua haijarudi. Mwizi msimtafute. Hayupo. Tengenezeni paa."

Marehemu ameacha mke, Verediana. Watoto wanne, Oswald, Fortunata, Aidan na Hilda. Wajukuu kumi na mmoja, na dada yake, Mama Lidwina Luambano wa Mfaranyaki.

Maneno yake yameisha yote. Bwana ampe utulivu.