Magunia Tisa ya Malambo

Bwana apewe sifa, wapendwa. Wengi mnanijua, mimi ndiye Mama Paskalina ninayetunza ghala la kanisa hapa Rhotia. Leo nasimama kusema jambo ambalo mwaka mzima nimeshindwa kulisema bila kutetemeka.

Ndugu zangu, mnakumbuka Krismasi iliyopita tulichanga mahindi kwa ajili ya wenzetu wa Malambo. Ukame ulikuwa umewamalizia ng'ombe, na familia nyingi kule zilikuwa zinashindia chai. Nyinyi mlitoa mahindi, nami nikayapokea ghalani, magunia ishirini kamili. Wiki mbili kabla ya sikukuu nikakuta dumuzi wameingia kwenye magunia tisa. Niliogopa sana. Niliwaza, watu watasema Mama Paskalina amepewa chakula cha wenye njaa akakiacha kiliwe na wadudu. Basi nikanunua vidonge vya kufukiza, vile vinavyotoa hewa ya sumu, nikavifunga kwenye vitambaa na kuviweka ndani ya yale magunia tisa. Nikayashona kwa kamba ya bluu na kuyafunika kwa turubai. Yalitakiwa yakae wiki nzima, kisha yafunguliwe na kuanikwa nje. Sikumwambia mtu. Hilo ndilo kosa langu.

Siku ya tatu nikaitwa Mbulu kwenye msiba wa shangazi yangu. Funguo nikamwachia mwinjilisti. Niliporudi kesho yake asubuhi, nilikuta ghala tupu na mwinjilisti akifagia huku anaimba. Akaniambia kwa furaha kwamba lori limepatikana mapema, wameogopa mvua isije ikakata njia, na vijana wameondoka alfajiri na mzigo wote.

Nilikwenda nyumbani, nikabandika maharage jikoni. Wapendwa, naona aibu kuwaambia, lakini nilikaa pale hadi maharage yakachemka, najidanganya kwamba hewa ile itakuwa imeisha yenyewe. Halafu nikaona nyumba za kule jinsi zilivyo, ndogo, za udongo, zenye tundu moja dogo la kutolea moshi, na chakula kinawekwa ndani karibu na kitanda cha watoto. Nikaacha moto unawaka nikakimbia.

Mwinjilisti aliponisikia alikaa chini. Tulipiga simu kwa vijana wa lori, hazipatikani. Tukampigia mzee wa kanisa wa Malambo, hapatikani. Ndipo tukamwendea kaka Tluway, yule dereva wa watalii, ambaye siku hiyo hakuwa na wageni. Hakuniuliza maswali. Alisema tu, "Panda, mama."

Njia nzima nilikuwa naomba kwa maneno mawili, Bwana wachelewe, Bwana wachelewe. Kreta, ile wanayoijia watalii, nilipita bila kuiona. Kila tulipokutana na gari nilidhani wanarudi kutuambia habari mbaya.

Tulifika saa kumi jioni. Lori lilikuwa limeshashusha. Magunia yalikuwa bado yamepangwa nje ya kanisa, watu wameketi wanasubiri majina yao yasomwe. Nikahesabu kamba za bluu. Nane. Nikahesabu tena. Nane.

Mzee wa kanisa akanieleza kwamba gunia moja limeshaondoka. Mama mmoja kijana, Naserian, alitangulizwa kwa sababu ana mtoto mchanga na boma lake liko mbali. Alilipakia juu ya punda tangu saa saba. Nikamwomba asigawe gunia jingine lolote, nikarudi mbio garini.

Ndugu zangu, sijui niseme nini kuhusu mwendo ule wa kwenda bomani kwake. Tulimkuta Naserian nje, anapasua kuni. Niliinama nikaingia ndani ya nyumba yake bila hata kusalimia. Harufu ya ile dawa, kama ya vitunguu saumu, ilinipiga usoni. Gunia lilikuwa kando ya kitanda, na juu ya ngozi mtoto amelala. Nilimnyakua nikatoka naye. Alikuwa mlegevu mikononi mwangu, akatapika, akanyamaza. Kunyamaza kule bado nakusikia.

Tluway alitukimbiza zahanati. Tuliketi nje ukutani, mimi na Naserian, naye hakulia. Nikamwambia yote, kwamba dawa niliiweka mimi, na kwamba niliificha. Alinigeukia. Kisha akasema, "Yeyo, ulituletea chakula au kifo?"

Aliniita mama kwa lugha yake, na bado akaniuliza vile. Nikamjibu, "Chakula. Lakini niliogopa kusema."

Tulisubiri pale hadi muuguzi alipotoka akatuambia mtoto analia na anataka kunyonya, ila siku hiyo wasilale katika nyumba ile. Wapendwa, nilianguka magotini palepale kwenye vumbi. Mungu alinitoa mautini, maana kama mtoto yule angekufa, nami nisingeishi.

Nilikiri yote mbele ya watu wote wa kanisa lao. Wako walioondoka kwa hasira, na sikuwalaumu. Yale magunia kumi na moja mazima tuliyagawa upya, kila nyumba ikapata ya kupikia sikukuu. Yale tisa tuliyafungua, tukavifukia vile vitambaa mbali, tukayaanika siku nyingi hadi bwana shamba alipoyaruhusu. Nilibaki kule kuyageuza juani. Siku ya tatu Naserian alikuja na mtoto mgongoni, akashika upande wa pili wa turubai, tukageuza pamoja.

Namshukuru Mungu, na nawashukuru nyinyi ambao mwaka huu mmechanga tena na kunikabidhi tena. Lakini woga haujaniisha, wala sitaki uishe wote. Ndiyo maana nawaomba, aliye na jambo analoliogopa asilibebe peke yake. Amwamini Bwana, na amwambie mtu leo hii. Na mimi naanza. Jumamosi nafungua ghala saa mbili asubuhi. Naomba wawili waje, waingize mikono yao ndani ya kila gunia kukagua, pamoja nami.