Bi Dalenda wa Mapacha Anapumzika

Baada ya miaka thelathini na minne katika wodi ya wazazi hapa Gabès, mkunga wetu Bi Dalenda Gharsalli anastaafu tarehe 30 Juni. Hapendi kusifiwa, kwa hiyo tutamsifu kidogo, kisha tusimulie.

Alianzia chumba cha kujifungulia, akahamia kwa watoto njiti, na huko akawa ndiye anayeitwa kila tumbo likibeba zaidi ya mmoja. Mama wengi wa mapacha mjini wamefundishwa naye kunyonyesha wawili kwa pamoja, mmoja kila kwapa. Wakilia kwamba maziwa hayatatosha, huwaambia, "Wewe kunywa maji, mwanangu. Wasiwasi niachie mimi."

Kisa tusichokisahau ni cha Rebeh na mumewe Mongi, mkulima wa makomamanga. Rebeh alijifungua watatu kwa upasuaji, kabla ya wakati. Mashine za joto zilizokuwa wazi zilikuwa mbili tu. Wavulana walipumua kwa shida, wakapewa wao. Dada yao alipumua vizuri, ila alizidi kupoa, na mama yake alikuwa bado hajazinduka. Gari la kumpeleka hospitali kubwa ya Sfax lilikuwa limeitwa, lakini Sfax ni mbali.

Bi Dalenda akatoka hadi ukumbini alikokuwa Mongi.

"Vua shati."

"Mimi? Mbele za watu?"

"Mwanao anasikia baridi. Vua, bwana!"

Akamwingiza wodini, akamlaza mtoto kifuani pa baba, ngozi kwa ngozi, akawafunika blanketi. Mongi akakaa kama aliyebebeshwa trei ya mayai. Mama yake alipoingia na bakuli la zrir, ule mseto wa ufuta, siagi na asali wa kusherehekea uzazi, akapiga kelele:

"Mongi! Tangu lini wanaume wa kwetu wakaatamia?"

Wodi nzima ikacheka. Mongi hakuinuka.

"Niache, mama. Ameanza kunishika kidole."

Bibi akaweka bakuli chini, akamsogelea mjukuu, machozi yakamtoka. "Basi usitikisike, mwanangu."

Gari lilipofika, daktari alimpima mtoto, akaagiza abaki papo hapo alipo. Rebeh alipozinduka na kuuliza wa tatu yuko wapi, alionyeshwa mumewe. Watoto wote walipona. Tangu siku hiyo baba wa mapacha huwekewa kiti wodini, na wengine hufungua vifungo kabla hawajaambiwa.

Juzi tulimuuliza atafanya nini akistaafu.

"Nitalala," alijibu. "Miaka yote hii, mtoto mmoja akinyamaza, mimi ndipo ninapotega sikio kwa wa pili. Nimechoka kusikiliza, jamani."

Asante, Bi Dalenda, kwa mikono yako na kwa ukali wako. Tunakuombea afya, furaha na usingizi mrefu. Nenda kalale. Wa pili tutamsikiliza sisi.