Mpaka Kiroboto Alifikie Komeo

Zimeni hiyo redio, wanangu, mkae, kwa sababu nitasema mara moja tu na pumzi niliyo nayo si ya kurudia maneno. Wewe kifungua mimba wangu, usisimame hapo mlangoni na funguo za gari mkononi kama mtu aliyekuja kudai kodi, vuta kiti. Binti yangu, acha kunishika mkono unahesabu mapigo, leo wewe si muuguzi, leo ni mtoto wangu. Kitinda mimba, lori lako halitaondoka bila wewe, tulia. Na wewe mke wake, mkaza mwanangu, unayejibana huko pembeni na kanga imejaa uji, sogea huku mbele, maana mengi ya leo yanakuhusu. Jirani yetu fundi viatu nimemwita awe shahidi, kwa kuwa hana anachokitaka humu ndani. Tena ni mimi ninayemdai, kiatu changu cha kushoto kiko kwake tangu mvua za mwaka jana. Cheka tu, fundi, lakini kilete. Sitaki kuzikwa na deni la watu, wala wewe usibaki na langu.

Aliyowaambia daktari kule koridoni nayajua. Mguu ndio uliokufa ganzi, masikio yangu ni mazima. Na kwa kuwa masikio ni mazima, nilimsikia pia yule bwana uliyemleta juzi, kifungua mimba, ukaniambia amekuja kuangalia paa. Mwanangu, paa halipimwi kwa futi kamba sakafuni. Nilimsikia akisema upana, akisema urefu, akauliza choo kiko ndani au nje, ukamjibu. Halafu nikakusikia jikoni ukimwambia dada yako, "Huyu mwanamke anakaa tu, hana kazi, atarudi kwao na watoto wake mpaka mume atakapojipanga." Usiinamishe kichwa, sijakutukana. Ungeniuliza mimi ningekujibu, lakini ulipita nyuma, na mimi kwa mambo ya kupita nyuma hasira zangu mnazijua, ndiyo maana nimewaita nyote niseme mbele.

Nyumba hii ni yangu. Baba yenu, Mungu amrehemu, aliijenga kidogo kidogo kwa kupaka rangi nyumba za wenzake, na kabla hajafa akaniandikishia mimi, hilo wote mnalijua na hakuna asiyekubali. Sasa naondoka na inabaki, na yule mwenye futi kamba anaingoja. Kwa hiyo swali ni moja tu: mkaza mwanangu na wale watoto watatu, siku nikishatoka humu nimebebwa, watalala wapi? Hilo ndilo nitakalolijibu leo. Vyombo na mengine ni vitu vidogo.

Lakini kwanza hilo la kukaa tu. Mimi pia nilikaa tu. Nyinyi wawili wa mwanzo mlipokuwa wadogo niliwapeleka zahanati kupimwa uzito, mmoja mgongoni, mmoja kanishika sketi, na karani akawa anajaza kadi. Jina, nikataja. Mtaa, nikataja. Kazi? Nikamwambia niko nyumbani na watoto. Akasema, "Basi hana kazi." Nikamwambia usiandike hivyo. "Niandike nini sasa, mama?" Nikamwambia, andika: yupo. Akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Yupo si kazi, mama." Nikamwambia, basi njoo kwangu siku moja mimi nisiwepo, uone kama si kazi. Mstari mzima wa akina mama waliokuwa nyuma yangu walipiga vigelegele, yeye akaandika anachojua mwenyewe. Wakati huo sijui kusoma. Kusoma nilikuja kujifunza kwenye vitabu vyenu, mkisoma kwa sauti hapo mezani mimi naosha vyombo, nasoma na nyinyi kimoyomoyo, na siku nilipoona naweza, kitu cha kwanza nilichokitafuta sandukuni ni ile kadi. Ameandika "Hana". Nilivaa kanga nikatoka kwenda kumtafuta, nikaambiwa amestaafu. Bahati yake.

Na sikusema yupo kwa kejeli. Kumbukeni mlivyokuwa. Mnacheza uani, mimi niko jikoni, mmoja anaita, "Mama!" Nami naitika, "Nipo!" Kwani alikuwa anataka kitu? Hataki kitu. Akishasikia nipo anarudi kwenye tope lake. Baada ya muda mwingine anaita. Nipo! Mikono imejaa sabuni, nipo. Uji unafurika, nipo. Mwingine kaficha kiatu kimoja, mwingine anakula mshumaa, baba yenu anauliza shati lake liko wapi na amelivaa, nipo, nipo, nipo. Kuna siku nilikuwa nimechoka hata jina langu silikumbuki, nikakaa chooni kusudi nipumzike, mkakaa nje ya mlango mkapitisha vidole kwa chini. Hayo ndiyo maisha niliyoishi, sijuti wala sijisifu, nasema tu yalivyokuwa.

Sasa wewe, kifungua mimba, sikiliza hili, kwa sababu ulikuwa mdogo na huenda umelisahau. Siku moja nilitoka uani kuanika nguo. Wewe ndani, dada yako amelala mkekani bado anatambaa, maharage yako jikoni juu ya moto. Komeo la mlango wakati huo lilikuwa chini, usawa wa kiuno changu, na wewe ulikuwa unapenda mlio wake. Ukalisukuma. Kwaa! Nikasikia na nguo imeniponyoka mkononi. Dirisha lina nondo, mlango ni wa mbao ngumu, baba yenu yuko kazini, mtaa mzima umeenda sokoni. Nikakwambia fungua. Ukajaribu, haufunguki. Ukaanza kulia, na mimi, mnanijua, damu ikanipanda, nilitaka kuupiga ule mlango mateke na kukutisha kwa kila nilichokijua. Lakini niliona kupitia dirishani ukianza kurudi nyuma kuelekea jikoni kwa hofu, nikajua nikipaza sauti tu utaukumbatia moto. Basi nikakaa chini. Mama yenu, mwenye hasira hizi, nikakaa chini kwenye udongo, nikaweka shavu pale kwenye upenyo wa mlango.

Ukasema, "Mama, uko wapi?"

"Nipo. Naona vidole vyako vya miguu. Hicho kidole gumba kichafu ni cha nani?"

"Cha kwangu."

Ukasogea kukiangalia. Hapo nikajua nimekupata. Nikakwambia kwamba hilo komeo ni panya, ameingiza kichwa kwenye shimo amenasa, ana mkia mgumu, tumsaidie. Kulia na kushoto hukuvijua bado, kwa hiyo nikakwambia mvute mkia aelekee anakolala mtoto. Ukavuta kidogo. Ukasema panya hataki. Nikakwambia mwambie pole, kisha uvute tena. Nikakusikia kwa masikio yangu ukimwambia komeo, "Pole, panya." Maharage yanaungua, moshi unatoka dirishani, na mimi nimelala kifudifudi nazungumza habari za panya kama mtu mwenye siku nzima. Ukavuta, likatoka. Na nilipoingia, unajua ulisema nini? Ulisema, "Mimi ndiye nimefungua!" Ukakasirika nilipomkimbilia dada yako badala ya kukupongeza. Hasira hizo umezitoa kwangu.

Jioni ile baba yenu alilihamisha komeo akaliweka juu kabisa ya mlango, ndipo lilipo mpaka leo. Matundu ya skrubu za zamani aliyaziba akayapaka rangi, lakini ukipitisha kidole unayasikia. Nenda ukapitishe, kifungua mimba, sasa hivi. Nenda, tunakungoja. Ehe. Umeyapata? Rudi ukae.

Ndipo hapo sheria ya nyumba hii ilipoanzia, wala hakuna aliyeitunga mezani. Mtoto asiyelifikia komeo hatoki nje peke yake. Akilifikia kwa mkono wake, mlango ni wake. Kila mmoja wenu alipita hapo. Wewe binti yangu uliiba stuli yangu ukapanda, ukatoka, ukarudishwa na jirani kwa sikio. Kitinda mimba alikuwa mfupi, anaenda shule na bado analirukia, mkamcheka mpaka akaanza kujining'iniza kwenye kamba ya nguo avutike, na kamba ikakatika, na mashuka yangu yakaingia matopeni. Leo ndiye anayeinama akipita mlango huohuo.

Nipeni maji. Asante. Kidogo tu.

Haya, neno langu ni hili, fundi lishike. Pacha wa mkaza mwanangu ni wakubwa kidogo, wana akili ya kukimbia hatari. Lakini yule mdogo wao, Kiroboto, anayeruka kama jina lake, bado kimo chake ni cha goti langu. Nyumba hii isiuzwe, isipangishwe, wala asitolewe mtu humu, mpaka Kiroboto alifikie komeo. Siku atakapolifikia, nyayo zote mbili zikiwa chini, na mlango akaufungua mwenyewe, siku hiyo neno langu limekwisha. Mkitaka kuuza uzeni, mkitaka kukaa kaeni. Mtagawana sawa mafungu manne, nyinyi watatu na mkaza mwanangu ni wa nne, na fungu lake ni lake, si la mumewe. Usigune, kitinda mimba. Wewe uko barabarani, yeye ndiye aliyeninyanyua kitandani kila asubuhi na mtoto amemng'ang'ania shingoni, akanisafisha, akarudi kumsafisha yule, na hajawahi kunikunjia uso. Mara moja tu alinifokea nilipomficha mwanawe peremende, na alikuwa na haki.

Fundi viatu ndiye atakayepima. Amekaa na nyayo za watu maisha yake yote, atajua kisigino kilichoinuliwa. Stuli yangu aichukue binti yangu leo hii aondoke nayo, aliitamani tangu utotoni, na isionekane tena karibu na mlango ule. Nawe kifungua mimba, usije ukambeba mtoto begani ukasema amefika. Usimpe mboga za kumrefusha. Na usije na fundi wa milango ukalishusha komeo ukasema limelegea. Nimekuzaa mimi, najua akili yako inakokwenda. Naona unatabasamu. Ulikuwa umeshaliwaza, eti?

Sikuchukii, mwanangu. Una biashara na biashara ina haraka, lakini ukiona mwanamke anakaa na watoto, usimwambie anakaa tu mbele yangu wala nyuma ya kaburi langu. Siku ile ningekuwa na kazi nyingine, nisingekuwa nimelala pale mlangoni. Basi. Hilo limekwisha, nimelisema, halina kinyongo.

Mkaza mwanangu, na wewe nina yako. Watoto wakinyamaza, acha unachofanya uende ukaangalie. Mtoto akianguka, usipige kelele kabla hujaona uso wake. Usioshe vyombo wanapolala mchana. Lala nawe, vyombo havina mbio. Ukikasirika sana, kaa chini sakafuni. Mtu akikaa chini hasira zinakosa mahali pa kusimama, mimi nilijifunza hivyo kwa udongo wa uani. Sufuria kubwa ni yako. Kioo ni cha binti yangu. Saa ya baba yenu ni ya kitinda mimba, haifanyi kazi, asiwadanganye. Kifungua mimba, wewe chukua brashi za baba yako, na kila mwaka uje upake mlango ule rangi mwenyewe, kwa mkono wako, usitume mtu. Ukipaka utapita juu ya yale matundu, na utakumbuka.

Nizikeni haraka, bila hotuba ndefu. Anayetaka kunisifu anisifu kwa ufupi, na karani yeyote akiuliza kazi ya marehemu... mnajua cha kumwambia.

Sauti inaisha. Sogeeni. Wote, hata wewe mwenye funguo. Mungu awalinde njiani na majumbani. Awape watoto wakorofi kama nyinyi, mnielewe. Riziki zenu ziwe za kuelezeka mbele za watu. Msiniache nikawa sababu ya kununiana. Nawaridhia wote... wote watatu. Wanne. Nimesema wanne.

Nani huyo anaita?

Ni Kiroboto, yuko uani na wale pacha. "Bibi!" anasema. Hataki kitu huyo, nawajua. Nataka kumwitikia... haitoki. Mkaza mwanangu. Mwitikie wewe.

Hapana, usiende. Kaa hapohapo. Mwitikie tu.

Kwa nguvu zaidi, hajasikia.

Ehe. Hivyohivyo.