Sisimizi Nyuma ya Nyumba

Ndugu zangu, Bwana asifiwe. Itikieni kwa sauti, maana macho yangu hayanionyeshi tena nyuso zenu, nami napenda kujua kama mpo. Nimekuja mbele kwa mguu mmoja na mkongojo. Nasikia wengine mnaguna kwa huruma. Ngojeni kwanza.

Mnanijua, mimi Ntandu, mrina asali wa hapa Mkiwa. Baba alituachia mizinga sisi wawili, mimi na kaka yangu Mwiru, ambaye amekaa pale nyuma akidhani sitamtaja. Nitamtaja.

Ilianza na kiu. Nilimaliza maji yote niliyobeba porini, nikarudi nyumbani nikamaliza na mtungi. Kukojoa kukawa ndiyo kazi yangu. Nikakonda hata siku ya kulipa kodi nilisimama mbele ya jumbe nimeishika suruali kwa mkono, watu wakicheka.

Asubuhi moja mke wangu, mama Eliya, aliniita nyuma ya nyumba. Pale nilipokojoa palikuwa peusi kwa sisimizi. Yeye aliogopa. Mimi nikamwita kaka, na kaka akafurahi kama aliyeletewa mahari.

"Asali imekukubali, mdogo wangu," akasema. "Hata babu, sisimizi walimfuata hivihivi."

Ndugu zangu, sisi watu wa mizinga ndivyo tulivyofundishwa. Sisimizi wakimfuata mrina, mizinga yake haitakauka. Majirani wakaja kutazama, nami nikavimba kichwa. Hakuna aliyeuliza babu alikufaje. Babu alikufa kipofu, vidole vya miguu vimeoza, nasi tukasema karogwa.

Kwa kuwa nilidhoofika, kaka alinijazia kibuyu cha asali kila jioni, na togwa ya kushushia. Alisema ninywe nipate nguvu. Nilikunywa, kiu ikazidi, akaniletea kingine. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kibuyuni, na nilikishukuru kwa mikono miwili.

Siku moja nilikuwa nafukiza nyuki. Nikasikia harufu ya nyama inaungua, nikadhani kuna mtu anachoma mbuzi karibu. Nilipotazama chini, nilikuwa nimesimama juu ya kaa la moto. Sikusikia maumivu hata kidogo. Kaka akasema ni ushujaa, akanipaka asali kwenye kidonda. Kidonda kikawa cheusi, kikapanda, kikanuka hadi watoto wakakataa kula nami. Macho nayo yakaanza kuingia giza.

Mama Eliya hakungoja ruhusa ya mtu. Aliwaita ndugu zake wakanibeba kwa machela mpaka hospitali ya misheni, kaka akimfuata nyuma na kumtukana kwamba anakwenda kuniua. Daktari alichemsha mkojo wangu na dawa ya buluu, ikageuka rangi ya tofali.

"Una ugonjwa wa sukari," akaniambia. "Ndio uliokula macho yako na huu mguu. Mguu umeshakufa. Ukibaki nao, utakufa nao."

Wakaukata chini ya goti. Nililia kwa hasira, nikamwuliza Mungu kwa nini hakusema mapema. Kisha nikakumbuka kwamba alisema, nyuma ya nyumba yangu, na mke wangu akaogopa, nasi tukashangilia.

Basi, ndugu zangu, huu ndio wokovu wangu, na sitaupamba. Mguu haukuota. Macho hayakurudi. Mungu alinirudishia pumzi, akanipa mke anayechemsha sindano na kunichoma kila siku, na akanipa kinywa cha kukataa asali. Namshukuru kwa hayo, ingawa nafsi yangu bado ni chungu.

Leo ni shukrani ya mavuno, na kaka ameweka kibuyu cha asali hapo madhabahuni kwa jina langu. Asante, kaka. Lakini leo asubuhi mama Eliya alipita kwako kukuamkia. Alikukuta unakunywa maji ya mtungi bila kupumua, na nyuma ya nyumba yako akawaona sisimizi. Ukamwambia kwa majivuno kwamba sasa asali imekukubali na wewe.

Ndugu zangu, mwenye kiu isiyoisha, mwenye kidonda kisichopona, asione haya. Mtumainini Mungu, mwende hospitali mngali mna miguu ya kuwapeleka.

Nawe kaka yangu, shikamoo. Nimekuchukia muda mrefu, na leo nasema mbele ya kanisa kwamba mguu wangu nimekusamehe. Wako sitaweza kukusamehe. Mama Eliya anakungoja pale mlangoni, na safari hii hahitaji machela. Simama uende naye. Siwezi kukuona ukisimama, kwa hiyo nimetega sikio. Nataka kusikia hatua zako, za miguu yote miwili.